Kasoro Iliyogeuka Bidhaa

Krismasi ya mwaka 1863, Julia Margaret Cameron alipewa kamera na binti yake na mkwewe, ili apate cha kumshughulisha nyumbani kwake Freshwater, katika kisiwa cha Wight, Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 48. Haukupita muda banda la kuku likawa studio na stoo ya makaa ikawa chumba cha giza. Watumishi, majirani, na hata wakubwa kama mshairi Tennyson na mwanafalaki Herschel wakakalishwa mbele ya lenzi, wakaambiwa wasitikisike.

Picha zake hazikuwa na makali. Wakosoaji wakasema mama huyu hajui kutumia chombo. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba alikuwa akizungusha lenzi, na akifika pale uso unapompendeza, anaishia hapo hapo. Makali waliyoyang'ang'ania wenzake hakuyataka.

Siri ya picha laini si ngumu. Miale inayopita ukingoni mwa kioo cha mviringo hupinda zaidi kuliko inayopita katikati, kwa hiyo haikutani mahali pamoja. Mafundi wa lenzi walihangaika miaka na miaka kuiondoa kasoro hiyo. Lenzi laini, yaani iliyoundwa kutoa picha za namna hii, huiacha kwa makusudi: miale ya katikati inachora picha kali, ile ya ukingoni inaitandazia mwanga juu yake. Ndiyo maana picha ya namna hii haifanani hata kidogo na picha iliyokosewa fokasi. Ikague kwa karibu utaona kope moja moja, ila kila penye mwanga pana kama utando unaong'aa.

Wenye viwanda hawakuchelewa kunusa soko. Mwaka 1866 Dallmeyer wa London alikuja na lenzi ya picha za watu ambayo kioo chake cha nyuma kiliweza kulegezwa, mpigapicha akajiongezea ulaini kwa kadiri atakavyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Pinkham & Smith wa Boston, Marekani, walikuwa wakiwatengenezea lenzi laini wapigapicha kama F. Holland Day na Alvin Langdon Coburn. Hao walikuwa watu wa kizazi kilichotaka upigaji picha uhesabiwe kuwa sanaa kamili, sawa na uchoraji.

Ujerumani ndiko ufundi ulikonoga. Lenzi ya Imagon ya kampuni ya Rodenstock, iliyotokana na mawazo ya mpigapicha Heinrich Kühn, ilikuwa na visahani vya chuma vyenye tundu kubwa katikati na vitundu vidogo vikilizunguka, mfano wa chujio la chai. Ukikizungusha kisahani, vile vidogo vinafunguka au kuziba, na ulaini unaongezeka au kupungua. Leitz nao mwaka 1935 wakatoa Thambar ya milimita 90. Hii ilikuja na kichujio chenye doa dogo katikati, kazi yake ikiwa kuizuia miale mizuri ili ile yenye kasoro ndiyo ipite!

Hollywood waliupenda ulaini kupita kiasi. Karl Struss, aliyebuni lenzi yake mwenyewe ya aina hii, alikuwa mmoja wa wapigapicha wawili wa filamu ya Sunrise waliopata Oscar katika tuzo za kwanza, mwaka 1929. Wasio na lenzi laini walitumia kitambaa chepesi, au walipaka Vaseline kwenye kioo. Mara nyingi waliolainishwa ni waigizaji wa kike. Wanaume waliachiwa makunyanzi yao, yakaitwa haiba. Huo ni upendeleo, tena haujaisha.

Mwaka 1932, Ansel Adams, Edward Weston na wenzao wa California waliunda Group f/64 kuupinga ulaini, jina lililotokana na tundu dogo la lenzi linaloleta makali kila pembe ya picha. Weston mwenyewe alikuwa amewahi kupiga picha laini ujanani. Kundi hilo lilishinda hoja, na lenzi laini zikabaki kwa wapiga picha za uso na za harusi. Minolta walitoa yao mwaka 1978, Canon mwaka 1987. Mwaka 2015 Lensbaby wa Portland, Marekani, wakaleta Velvet 56, ambayo fokasi yake unaizungusha kwa mkono.

Wapo watakaosema simu inafanya haya yote bure. Haifanyi. Programu za urembo hufuta vinyweleo na makunyanzi. Lenzi laini haifuti kitu, inakimwagia mwanga tu. Ukiipata ya kuazima, anza na tundu lililo wazi kabisa, mhusika akiwa na mwanga nyuma ya nywele. Kisha lipunguze hatua kwa hatua, likifika f/5.6 ulaini mwingi utakuwa umekwisha. Na kila ukibadili tundu, weka fokasi upya, kwa sababu katika lenzi hizi fokasi huhama pamoja nalo.