Ulimi wa Zumari

Katika pwani ya Afrika Mashariki zumari yajulikana tangu zamani. Husikika katika kirumbizi, chakacha na sengenya, nayo sauti yake kali huzipenya ngoma zote. Ulaya nako yuko ndugu yake, obo, aliyepata umbo lake Ufaransa katika karne ya 17. Obo nyingi za leo huchongwa kwa mpingo utokao Tanzania na Msumbiji; kwa hiyo aghalabu twajivunia mti huo. Lakini sauti haianzii katika mti. Huanzia katika ulimi, yaani vipande viwili vyembamba vinavyotikisika baina ya midomo ya mpigaji.

Ulimi wa zumari hukatwa katika majani ya miti ya jamii ya mnazi. Ule wa obo hutokana na matete, hasa yale mashuhuri ya kusini mwa Ufaransa. Tete hupunguzwa kwa ndani hata unene ukabaki kiasi cha milimita 0.6, likakunjwa, likafungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha madini, na ncha yake ikakatwa. Hapo ulimi bado ni bubu. Kinachoupa sauti ni kisu.

Fundi hukwangua ncha hata ikawa nyembamba kuliko karatasi, ili iitikie pumzi ndogo. Nyuma ya ncha huacha sehemu nene kidogo, iitwayo moyo, ambayo huipa sauti uzito. Kisha huupuliza ulimi peke yake, akausikiliza, akakwangua tena kidogo. Ukiwa mgumu kuanza, ncha bado ni nene. Ukilia kwa sauti nyembamba isiyo na nguvu, moyo umeliwa mno. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki: kilichokwanguliwa hakirudishwi.

Mafundi wa Ulaya walizoea kukwangua sehemu fupi tu karibu na ncha. Marcel Tabuteau, Mfaransa aliyepiga obo katika okestra ya Philadelphia tangu 1915 hadi 1954, alikwangua sehemu ndefu hadi karibu na uzi, huku akiacha uti katikati. Tangu 1924 aliwafundisha vijana katika chuo cha Curtis, na mtindo huo ukaenea Marekani. Hivyo ala moja ikapata lafudhi mbili, kwa tofauti ya mkwanguo tu.

Twajifunza nini? Mpingo huchukua miongo mingi kukomaa, na ukikatwa pengo lake huonekana. Ustadi wa mkono ukipotea, hakuna kisiki kinachobaki. Tabuteau aliacha wanafunzi. Mafundi wetu wa zumari nao wastahili kuwa nao. Mwalimu aliye karibu na fundi kama huyo na ampeleke kijana mmoja akaketi kando yake, atazame kisu kinavyokwenda, na asikilize ulimi unapoanza kusema.