Historia ya Mvunguni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, walisema wahenga. Basi mwaka huu familia yetu imeinama hasa. Mama ameamua kurudi kwao Matombo, nyumba yake ya Mwembesongo tunaipangisha, na vitu vya miaka arobaini na ushee lazima vitoke. Makopo, chupa, magunia, masufuria yaliyotoboka, redio bubu mbili, santuri za Morogoro Jazz ambazo hakuna tena mashine ya kuzipigia.

Sisi vijana jibu tunalo mdomoni: tupa. Tunahama vyumba kila mwaka na begi moja na simu, tunawaona wazee wetu kama walafi wa makopo. Mimi napinga. Nyumba za Morogoro hazikujaa kwa ulafi, ndugu msomaji. Historia ndiyo iliyozijaza, na tarehe zake zipo.

Tuanzie mlimani. Mluguru wa zamani hakuwa na vyombo vingi, na sababu haikuwa ufukara peke yake. Mali kwake ilikuwa ardhi, na ardhi ilikuwa ya ukoo, ikifuata upande wa mama. Vingine vyote vilipimwa kwa shingo ya mtu: kinu, vyungu, mkeka, jembe. Usichoweza kukipandisha Uluguru kichwani, huna haja nacho.

Reli ya kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yakatanda bondeni, na mshahara ukaleta mali ya namna nyingine: blanketi, taa ya chemli, baiskeli, cherehani, na sanduku la bati lenye kufuli. Hapo ndipo mvungu ulipopata kazi.

Lakini kilichojaza nyumba zetu ni uhaba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikapiganwa mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta duniani ikapaa, na fedha za kigeni zikakauka. Sukari, sabuni, nguo, betri, vyote vikawa vya foleni. Mama anasema vipande vya sabuni vilivyobaki havikutupwa, vilikandwa pamoja vikawa mche mpya. Kopo tupu lilikuwa chombo, kwa sababu chombo kingine dukani hakikuwepo. Na haya yalitokea katika mji wa viwanda! Morogoro ilikuwa na kiwanda cha turubai, cha ngozi, na kile cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kiuze viatu Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake.

Ukaja mwaka 1983, serikali ikatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliisimamia kampeni hiyo kwa mkono mzito. Ndiye yule aliyekuja kufariki kwa ajali ya gari mkoani kwetu, Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984. Walanguzi walikamatwa, siyo siri, na wananchi wengi walishangilia. Lakini hofu haikuchagua nyumba. Kuwa na vitu vingi kukawa kosa la kujieleza. Sehemu nyingi nchini watu walitupa bidhaa porini na mitoni usiku.

Mama alikuwa bibi harusi mpya. Alikuwa na miche sita ya sabuni na vitenge viwili, zawadi za harusi, na risiti hana. Nani ana risiti ya zawadi? Usiku akateremka Mto Morogoro akavitosa vyote. Kaka yangu aliposema juzi tukodi kirikuu tupeleke kila kitu dampo, Mama alimjibu taratibu: "Mwanangu, mimi nilishatupa mara moja." Kaka akanyamaza.

Baada ya hapo biashara ikalegezwa, na Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu Novemba 1985 nchi ikasikia neno ruksa. Mitumba ikamwagika, tukaiita kafa Ulaya. Plastiki ikafuata. Vitu vikawa kibao, lakini aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Mama aliendelea kuweka. Chini ya godoro tulikuta mifuko ya rambo imekunjwa vizuri, mamia. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ni marufuku nchini. Mama alicheka mpaka akakaa chini: "Tena? Mali yangu imekuwa kosa tena?"

Tulifikaje mwisho? Mjomba alishuka kutoka Matombo akakumbusha kwamba vyombo vya mama ni vya binti zake kuamua. Dada zangu wakagawa mafungu matatu: cha kutumika kiende mlimani, cha ukumbusho kibaki kwa ukoo, chuma chakavu kipimwe kwa kilo. Mama akaweka sharti moja: kitu hakitoki kabla hajakisemea habari yake. Nikanunua kaunta buku, nikaandika. Imejaa, na nimeanza ya pili.

Sasa chumba chake cha Matombo kina kitanda, sanduku, sufuria tatu na redio moja inayosema. Vichache mno, na amevichagua mwenyewe. Mwaka 1983 pia alibaki na vichache, lakini kupunguza kwa hiari na kupunguza kwa hofu ni mambo mawili.

Nawaambia waandishi wenzangu mnaotafuta visa mbali: wazee wanahama, na wengine wanahama moja kwa moja. Siku mkiitwa nyumbani kusaidia kusafisha, bebeni ufagio, lakini bebeni na kalamu. Ulizeni kwanza, ndipo mtoe nje. Kopo likishafika dampo halina wa kulisemea.