Mchikichi wa Mwambao wa Ujiji

Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi na misitu ya Kongo. Tanzania Bara umestawi zaidi katika ukanda mwembamba wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga, mpakani mwa Burundi, hadi kusini ya Ujiji. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari na joto la mwambao linautosha mti huu. Ukipanda milima ya Buha unauacha nyuma, unaingia kwenye migomba na kahawa. Kasoro ni mvua. Kigoma hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na kiangazi chake ni cha miezi kadhaa mfululizo, ilhali mchikichi hupenda mvua mara mbili ya hiyo.

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji, Februari 1858, walilikuta zao hili limekwisha kuzoeleka, na Burton aliyaandika mawese miongoni mwa mazao ya nchi. Soko la Ujiji lilikuwa la samaki, nafaka, mbuzi, chumvi, pembe na watumwa, na malipo madogo yalifanywa kwa shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya kiko. Mawese yaliuzwa humo kwa watu wa ziwani na wapagazi wa misafara. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, shughuli nyingi za Ujiji zilihamia bandari mpya. Michikichi haikuhama, ila mafuta yake yalipata njia nyepesi ya kwenda bara.

Namna ya kuyakamua haikubadilika sana. Mkwezi hupanda na panga, akakata mkungu ulioiva, nao huachwa siku chache ili tembe zilegee na kupukutika. Tembe huchemshwa katika pipa, hutwangwa au husagwa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mikono, na nyama yake hukamuliwa. Mafuta mekundu huchemshwa tena mpaka maji yaishe. Kokwa hukaushwa na kupasuliwa, na kiini chake hutoa mafuta ya mise yanayotumika kutengeneza sabuni. Kazi hii kwa sehemu kubwa imekuwa ya wanawake, isipokuwa kukwea. Mti wa miaka arobaini ni mrefu kiasi kwamba mkungu mmoja unaweza kugharimu maisha, na hapo ndipo mashamba mengi ya Kigoma yalipofikia: miti mizee, mirefu, yenye mikungu michache.

Umri haukuwa tatizo pekee. Michikichi ya kienyeji karibu yote ni ya aina ya dura, yenye kokwa nene na nyama kidogo. Ipo aina nyingine, pisifera, isiyo na kifuu, ambayo aghalabu hutoa maua ya kike yasiyozaa. Mwaka 1941 watafiti wa Kibelgiji, Beirnaert na Vanderweyen, katika kituo cha Yangambi, Kongo, walionyesha kwamba unene wa kifuu unatawaliwa na jeni moja. Dura ikichavushwa kwa pisifera, watoto wote huwa tenera, chotara mwenye kifuu chembamba na nyama nyingi. Mashamba makubwa ya Asia ya leo yamejengwa juu ya ugunduzi huo.

Majukwaani husikika mara kwa mara kwamba Malesia ilichukua mbegu zake Kigoma. Hadithi hiyo inafurahisha kuisimulia, lakini haina msingi. Dura za Asia ya Kusini-Mashariki zinatokana na michikichi minne iliyopandwa bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, miaka kumi kabla Burton hajaiona Ujiji. Malesia haikuinyang'anya Kigoma miti. Iliipita kwa utafiti wa mbegu.

Julai 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua mkoani Kigoma juhudi za kulifufua zao hili, wakati sehemu kubwa ya mafuta ya kula ya nchi ilikuwa ikiagizwa nje. Kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kilipewa jukumu la mchikichi, na mashamba ya JKT Bulombora na Gereza la Kwitanga yakahusishwa katika uzalishaji wa miche.

Kwa hiyo ufufuaji wa miti mizee ulianzia kwenye kiriba cha plastiki. Mbegu ya mchikichi hulala; huamshwa kwa joto la nyuzi 39 au 40 kwa takriban siku 80, ndipo ikaloweshwa na kuota. Mche hukaa miezi mitatu au minne kwenye kiriba kidogo chini ya kivuli, kisha huhamishiwa kikubwa mpaka umri wa mwaka mmoja hivi. Kiriba kisicho na matundu huozesha mizizi, na mche uliotolewa kivulini ghafla huungua majani. Ule wenye majani yaliyopauka kwa njaa ya naitrojeni hupona ukipewa mbolea na maji ya kutosha. Uliojikunja au wenye majani membamba kama nyasi kwa kawaida kasoro yake imo kwenye mbegu, na huo hutupwa, hata kama mwenye kitalu anauonea huruma.

Shambani miche hupandwa kwa umbali wa mita 9, kama 143 kwa hekta, na huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Mkulima anayeokota kokwa chini ya tenera zake na kuzipanda, kama mababu walivyofanya kwa dura, huvuna mchanganyiko: robo dura, nusu tenera, robo pisifera. Kwa sababu hiyo kila kizazi kipya cha michikichi bora hulazimika kutoka tena kwenye kituo cha mbegu.