Daftari la Pombe

Mwaka huu wanangu walinichangia nauli ili nami nikalione jua la Unguja, mimi mtu wa Misunkumilo ambaye bahari nimeifundisha darasani miaka mingi kuliko siku nilizoiona. Siku ya tatu, nikilikimbia jua hilohilo la mchana kule Nungwi, niliingia katika baa ndogo iliyouza bia za aina yake, zile ambazo hazipatikani katika kila duka. Kijana wa kaunta akaniamkia, "Shikamoo, babu," kisha akanisomea ubaoni: bia ya ngano, bia ya tangawizi, bia ya asali.

"Hii ya asali, babu, ni kitu kipya kabisa."

Niliagiza glasi moja, nikainywa polepole. Kwetu Katavi, nchi ya miombo na mizinga, ambako asali ya Inyonga ina sifa zake, kinywaji cha asali kina jina tangu zamani: wanzuki. Kilichokuwa kipya mbele yangu ni glasi na bei.

Tutazame historia. Bia ya chupa ni mgeni wa juzi. Kiwanda cha Kenya Breweries kilianzishwa na ndugu wawili wa familia ya Hurst mwaka 1922. Mwaka uliofuata mmoja wao, George, aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na kutokana na mnyama huyo bia yao ikapewa jina la Tusker. Dar es Salaam ilipata Tanganyika Breweries mwaka 1933. Pamoja na chupa yakaja maneno. "Bar" ikawa baa. "Club", alikokutana bwana mkubwa na wenzake, ikawa kilabu, mahali pa pombe ya kienyeji. "Grocery" ikawa grosari, ambamo Mwingereza akiingia kutafuta unga atatoka na bia.

Lakini kinywaji chenyewe kilitangulia maneno hayo kwa karne nyingi. Wabemba husema ubwalwa, Wahaya amarwa, Wazulu utshwala. Wanaisimu wanayahesabu yote hayo kuwa ya shina moja la Kibantu. Waliotawanyika kutoka Ziwa Viktoria hadi Afrika Kusini walilibeba neno la pombe pamoja na mbegu za nafaka. Kiswahili nacho kina hazina yake: kimea, togwa, chachu, machicha, tembo la mnazi wa pwani, ulanzi wa mianzi ya Iringa, mbege ya ndizi na ulezi ya Uchagani. Hata methali ya mgema na tembo lake tumeipata kutoka katika kazi hiyo.

Neno moja ndilo lililonikosesha raha pale kwenye kiti kirefu: chibuku. Pombe hiyo ya nafaka ilianzia Kitwe, katika Zambia ya leo, miaka ya 1950. Husimuliwa kwamba mtengenezaji wake, Max Heinrich, alikuwa na kitabu alichoandikia upishi wake na maoni ya wanywaji, nao wanywaji wakaipa pombe jina la kitabu kile. Pombe ikaitwa daftari kwa sababu mtu aliiandika.

Mimi nilifanya kinyume. Nikiwa mwalimu kijana, niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha juu ya kazi za nyumbani. Msichana mmoja aliandika kurasa nne kuhusu mama yake anavyopika pombe, pombe iliyomlipia ada. Kila hatua aliipa jina lake: nafaka inapoanza kuchipua, uji unapopoa, povu la kwanza, povu la pili. Nilipiga mstari mwekundu kurasa zote nne, nikaandika chini: "Haya si maneno ya darasani." Hakunijibu. Tangu siku ile hakuandika insha inayozidi nusu ukurasa.

Nimeyatafuta maneno yale katika kila kamusi niliyonayo. Kimea kimo, togwa imo. Yale ya povu hayamo, na mimi siyakumbuki hata moja.

Niliporudi Misunkumilo nilinunua daftari, nikaenda kwa bibi mmoja mpika pombe, jirani yetu. Nilipomweleza shida yangu alicheka hadi akaketi. "Mwalimu," akasema, "leo ni zamu yako ya kukaa dawati la mbele?" Nikakaa. Alinifundisha hadi magharibi, nami nikajaza kurasa tatu.

Ndugu washairi, mnaolalamika kwamba vina vimekwisha, waulizeni mama zenu na bibi zenu jikoni. Andikeni kila wanachokitaja, hata kile tulichowaambia shuleni kwamba si cha darasani.