Mjerumani wa Jumelage

Kigali kuna ofisi inayojulikana kwa neno moja la Kifaransa: Jumelage. Ndiyo inayoratibu udugu wa Rwanda na jimbo la Rheinland-Pfalz la Ujerumani, ulioasisiwa mwaka 1982. Waziri kiongozi wa jimbo hilo wakati huo alikuwa Bernhard Vogel, na kabla ya cheo hicho kazi yake ilikuwa shule.

Vogel alizaliwa Göttingen mwaka 1932, akasoma Heidelberg, na mwaka 1967 akapewa wizara ya elimu na utamaduni mjini Mainz, makao makuu ya jimbo. Alikuwa na miaka 34. Kwetu Afrika Mashariki mtaala na mitihani huamuliwa makao makuu ya nchi, kwa hiyo cheo cha waziri wa jimbo huenda kikaonekana kidogo. Si hivyo. Wanazi walikuwa wamezigeuza shule kuwa jiko la propaganda, na katiba ya 1949 ikarudisha elimu mikononi mwa majimbo. Waziri wa jimbo ndiye mwenye shule.

Katika miaka yake tisa wizarani, shule za umma zilizotenga watoto wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti ziliachia nafasi shule za pamoja. Kwa Vogel, Mkatoliki wa chama cha Kikristo cha CDU, hiyo haikuwa kazi nyepesi. Mwaka 1970 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Trier-Kaiserslautern.

Vogel alipokuwa waziri kiongozi, jimbo lilitafuta mshirika Afrika, likachukua nchi moja tu, Rwanda, yenye ukubwa unaokaribiana na wake. Shule ikaungana na shule, manispaa na komini, parokia na parokia. Namna yenyewe ya kuchangia ni ya kawaida kabisa: katika kampeni ya Aktion Tagwerk, mwanafunzi huacha darasa siku moja, akaosha magari au kusaidia dukani, na ujira wake ukaenda kwenye miradi ya elimu Afrika, Rwanda ikiwemo.

Doa lipo, na si la kufichwa. Jimbo lililokwisha kuacha kuwagawa watoto kwa madhehebu lilishikana mkono na serikali ya Rais Habyarimana wa Rwanda, iliyogawa nafasi za sekondari kwa kabila na mkoa, mfumo ulioitwa iringaniza. Madarasa mapya yaliyoletwa na udugu hayakuondoa mgawo huo. Yalipotokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, serikali ile ilianguka. Udugu wa shule ukaanza upya na serikali nyingine.

Vogel alifariki tarehe 2 Machi 2025, akiwa na miaka 92. Siku mbili baadaye Berlin ikatangaza kusitisha ahadi mpya za misaada kwa Rwanda, kwa sababu ya vita vya waasi wa M23, wanaoungwa mkono na Rwanda, mashariki mwa Kongo. Serikali zinaweza kununiana. Jumelage imekwisha kuvuka makubwa kuliko hayo.