Springi za Kabanga

Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka wa Rusumo, Ngara ilijaa Land Cruiser za mashirika. Gerejini kwetu Kabanga tulijifunza springi za mabapa kwa magari hayo: ukiongeza bapa moja, gari linabeba magunia bila kuinama, lakini likiwa tupu linakurusha hadi darini.

Kisha zikaja Probox, zilizoanza kuundwa Japani mwaka 2002, zenye koili nyuma. Vijana wakataka tuzishushe, zisilale kwenye kona. Wapo mafundi wanaokata koili kwa gesi. Mimi sikati, moto hulegeza chuma. Nafunga koili fupi kidogo, ngumu kiasi, na shokapu ya kuendana nayo. Kisha napakia watu watano, napita tuta: tairi likigusa bodi, narudisha koili za zamani.