Jukwaa Linalosafiri kwa Basi la Shule: Tamasha la Drama na Watu wa Kisumu

Mgeni akiingia soko la Kibuye Jumapili, siku ambayo mitumba, omena, mbao na makochi ya jua kali humwagika hadi kando ya barabara, halafu aulizie mahali pa kutazama mchezo wa kuigiza, anaweza kupata majibu mawili. Atatajiwa ukumbi wa kijamii wenye jina la Mama Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Kisumu. Au ataambiwa asubiri muhula wa kwanza, shule zikianza kushindana. Jibu hili la pili lina historia ya zaidi ya miaka 60.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2001. Katika karne hiyo nzima hakuna serikali iliyoujengea jumba la tamthilia la kiwango cha lile la Nairobi, Kenya National Theatre, lililofunguliwa mwaka 1952. Kilichowafikia watu wa ziwani ni Tamasha la Drama la Shule, lililoanza mwaka 1959, na ambalo leo ni Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu chini ya Wizara ya Elimu.

Mwanzoni halikuwa lao. Lilikuwa shughuli ya walimu Waingereza. Michezo ilitoka Ulaya, na mwanafunzi alipimwa pia kwa namna alivyotamka Kiingereza. Shule ya Alliance ilikuwa na desturi ya kuigiza Shakespeare kila mwaka, na shule nyingine zilitamani kufanana nayo. Hayo yalifanyika katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa na maigizo yao tangu zamani. Ukingoni mwa ziwa, mzee wa heshima akifa, Wajaluo walifanya tero buru: wanaume wakiwa na mikuki na ng'ombe, nyimbo na majigambo, wakakifukuza kifo hadharani mbele ya kijiji kizima. Ibada ile ilikuwa na wahusika, maleba, mwendo uliopangwa na hadhira iliyojua zamu yake. Hakuna mwamuzi wa mwaka 1959 aliyekuwa na alama za kuipa.

Mambo yaligeuka miaka ya 1970. Wasambo Were aliteuliwa mkaguzi wa kwanza Mwafrika wa drama ya shule mwaka 1974, na hati zilizoandikwa na walimu wa Kenya, kuhusu Wakenya, zikaanza kushika nafasi. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kikundi chake cha maigizo ya bure yanayozunguka nchini. Njia ilikuwa imefunguliwa na wenzao wa Makerere, walioanza safari zao mwaka 1965 kupitia Uganda na Kenya. Kutoka vilima vya Maragoli, juu kidogo tu ya Kisumu, akatokea Francis Imbuga, ambaye tamthilia yake *Betrayal in the City* ilichapishwa mwaka 1976 na kuiwakilisha Kenya katika tamasha la sanaa la FESTAC huko Lagos mwaka 1977. Hata hivyo, ilipochezwa Nairobi kabla ya safari hiyo, pamoja na *The Trial of Dedan Kimathi*, jumba la taifa lilizitengea siku chache tu.

Kwa nini tamasha la shule lilidumu wakati majukwaa mengine yalizimwa? Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, wanakijiji walijenga ukumbi wao wa wazi na kuigiza *Ngaahika Ndeenda* mwaka 1977. Serikali ikapiga mchezo marufuku baada ya wiki chache, na Machi 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Tamasha la shule halikuwa na ukumbi wa kubomolewa. Lilikaa leo katika bwalo la chakula la sekondari moja, mwaka ujao katika nyingine, na lilipotoka Nairobi na kuanza kuhama mkoa hadi mkoa, liliwapa watu wa miji midogo nafasi ya kuona mchezo uliofanyiwa mazoezi ya miezi.

Ubora wake unatokana na mchujo. Mwalimu huandika hati, mara nyingi bila malipo ya ziada. Mazoezi hufanyika jioni baada ya vipindi. Mavazi huokotezwa, mengine kwenye marundo ya mitumba kama yale ya Kibuye. Mchezo huanzia mashinani, hupanda hadi kaunti, kisha eneo, na wachache ndio hufika taifa. Katika kila ngazi waamuzi husema mbele ya watu kilichofaulu na kilicholegea. Ndiyo sababu igizo linalofika taifa huwa limesuguliwa kuliko mengi ya kulipiwa. Na ule utamaduni uliokosa alama mwaka 1959 sasa una kitengo chake: katika ngoma za ubunifu, nyatiti, orutu na dodo hupanda jukwaani pamoja na mashairi na masimulizi.

Kuwa mikononi mwa wizara kuna gharama yake. Mwaka 2013 mchezo *Shackles of Doom* wa Butere Girls, ulioandikwa na Cleophas Malala, ulizuiwa kufika fainali. Okiya Omtatah, ambaye mwenyewe ni mwandishi wa tamthilia ya *Lwanda Magere*, shujaa wa nchi ya Kano, alikwenda Mahakama Kuu, na Jaji David Majanja akaamuru wasichana waruhusiwe kuigiza. Aprili 2025 mahakama ilitoa tena amri kwa ajili ya *Echoes of War*, mchezo wa shule hiyohiyo. Ilipofika zamu yao huko Nakuru, wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, huku polisi wakirusha vitoa machozi nje. Taasisi iliyolea vipaji kwa miongo sita haikustahili asubuhi ile.

Karibu na tamasha kumemea mengine. Vikundi vya kulipwa huzunguka shule na tamthilia zinazotahiniwa, kama *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege, na kabla yake *Kigogo* ya Pauline Kea, na kwa wanafunzi wengi wa Nyanza hao ndio waigizaji wa kulipwa wa kwanza kuwaona ana kwa ana. Miaka ya 2000 vikundi vya Kisumu vilitumia maigizo shirikishi kuzungumzia Ukimwi: mchezo husimamishwa pale penye utata, mtazamaji akaitwa kuchukua nafasi ya mhusika na kuonyesha angefanya nini.

Pengo lililobaki ni la hadhira. Mashindano ya mashinani hufanyika siku za shule, ndani ya lango lenye askari, na mama muuza omena ambaye binti yake anaigiza hana habari. Wizara na Kaunti ya Kisumu zinaweza kulirekebisha hili bila kujenga chochote: washindi wa kaunti warudie michezo yao Jumapili moja katika ukumbi wa Mama Grace Onyango, kiingilio kiwe cha bei ya soda, na tangazo lisomwe sokoni kwa kipaza sauti. Nawe msomaji, muhula wa kwanza ukifika, uliza shule iliyo karibu nawe inacheza lini, kisha nenda ukae mbele.